Afyuni ndani ya The Poppy War

Ukisoma riwaya ya The Poppy War ya R. F. Kuang (2018), ifuatilie afyuni. Mwanzoni ni biashara tu: walezi wa Rin, msichana yatima ambaye ndiye mhusika mkuu, wanaisafirisha kwa magendo, na wanataka kumwoza kwa mkaguzi wa forodha mzee ili mzigo upite bila maswali. Baadaye, katika chuo cha kijeshi, Mwalimu Jiang anampa mbegu za mpopi, mmea unaotoa afyuni, zimfungulie njia ya kufika kwa miungu. Sasa mtazame Altan, kamanda wa Rin: anavuta afyuni ili ghadhabu ya Feniksi, mungu wa moto anayempa nguvu, imnyamazie kichwani. Kinachoita nguvu ndicho hichohicho kinachoizima! Hapo ndipo riwaya inaponiumiza. Nyuma yake kuna China ya kweli, iliyopigwa na Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Afyuni, 1839 hadi 1842.