Nilienda Tororo kusikiliza reli

Jumamosi nimeamka saa kumi alfajiri, nkawahi taksi paki hapa Kampala nkapata siti ya dirishani kwenye gari la Tororo. Ningependa sana kwenda kwa treni lakini treni za abiria za upande ule zilikufa miaka ya 90, saa hizi abiria wa reli ni wale wa Kampala na Namanve basi. Safari yenyewe ilikuwa na sababu moja tu, niliambiwa wanang'oa mataruma ya chuma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, kwenye njia ya kaskazini, nkasema kabla hayajaisha lazima niende nkayasikie.

Jinja tumevuka lile daraja jipya la 2018, kila mtu ametoa simu anapiga picha za mto, mimi macho yangu yanatafuta lile la chuma la reli, la 1931, ambalo enzi zake treni ilipita juu na magari yakapita chini yake. Iganga, Bugiri, nkasinzia kidogo. Halafu ule mwamba wa Tororo ukatokea, yaani unauona ukiwa bado mbali kabisa, na nkasikia sauti ya mama kichwani, maana zamani tukitoka Kampala kwa treni akiuona tu alikuwa anasema haya watoto vaeni viatu.

Sasa kwa nini Tororo. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901 na kwa miaka mingi mzigo wa Uganda ulivushwa ziwani kwa meli. Baadaye wakajenga njia ya kupitia Nakuru na Eldoret, ikaingia Uganda kwa Malaba na Tororo, Kampala ikafika 1931. Na hapohapo Tororo wakatoa tawi la kwenda Mbale na Soroti, 1929, kubeba pamba ya watu wa Teso, na miaka ya 60 wakalisogeza Lira, Gulu, mpaka Pakwach 1964. Kwa hiyo kila kilo ya pamba iliyoteremka kwa treni kutoka kaskazini kwenda baharini ilipita kwenye jankisheni yetu, na kwa miaka kadhaa mtu wa kuigeuzia njia alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa pointimani. Nilimfuata mara nyingi usiku nimeshika taa yake ya mafuta ya taa, ile ya kioo chekundu na kijani. Anainua leva yenye uzito wa chuma, anaibwaga upande wa pili, kalak! na ulimi wa reli unahama, haufiki hata upana wa mkono mmoja, lakini upana huo ndo tofauti ya kwenda Kampala na kwenda Gulu. Halafu anainama anapitisha kidole pale ulimi unapogusana na reli. Aliniambia hata unene wa sarafu ukibaki hapo usimpe dereva taa ya kijani. Kiswahili changu pia nilikipata palepale, maana kwenye kwota za reli kulikuwa na Wajopadhola, Wateso, Waganda, Wakenya wa Malaba, na kazi yote ilikwenda kwa Kiswahili, hata matusi.

Usiku tukilala tulikuwa tunajua treni inaenda wapi bila kufungua dirisha. Ya Kampala inatoka inaguna, mataruma yanalia chini yake kama sufuria zinagongana mbali, halafu inaisha polepole. Ya Mbale ikifika kwenye kona magurudumu yanasugua reli, kiiiii, mpaka mbwa wanajibu. Mama akiisikia hiyo anaamka kupasha chakula, kwa sababu ya Mbale ndo ilikuwa ya mwisho kwenye shifti ya baba.

Stesheni nimefika saa saba. Mlinzi kanizuia kupiga picha, sikubishana. Kwenye benchi la simenti kulikuwa na mzee kaniangalia muda mrefu kisha akauliza, wewe si mtoto wa pointimani? Ndio mzee. Mkubwa au mdogo? Wa tatu. Akanisogezea nafasi nkakaa.

Yeye ndo alinipeleka kwenye rundo la mataruma yaliyong'olewa. Mekundu kwa kutu, yamepinda pembeni kama mabati ya paa. Akaokota kokoto akagonga moja, likalia, sauti ndefu ileile ya utotoni. Akasogea kwenye yale mapya ya zege akagonga tena. Pu. Basi. Tukaangaliana tu.

Sisemi wasijenge. Njia ya kaskazini imelala kufa zaidi ya miaka 20, 2013 treni za mizigo zikarudi kidogo zikakatika tena, na chuma cha mataruma watu walikuwa wanakiiba wanauza skrapu, zege nani ataiba. Mkulima wa Lira anahitaji treni kuliko mimi ninavyohitaji sauti. Na SGR, ile reli mpya ya kisasa, inakuja pia, mkataba wa Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulisainiwa Oktoba 2024 na Yapı Merkezi ya Uturuki, reli ya upana wa milimita 1435 wakati hii yetu ni 1000, na kwenye mipango tawi la kwenda Gulu na Nimule linaanzia Tororo tena. Hilo limenifurahisha kweli. Ila kule njia itageuzwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, hakuna atakayeinama kupitisha kidole. Ninachoomba ni kitu kidogo, ile leva isiende kwenye skrapu. Jinja kuna jumba la makumbusho ya reli pale stesheni, ni zuri, lakini leva hii ibaki Tororo, watoto waiinue waone uzito wake.

Saa kumi na mbili jioni ikaja treni ya mizigo kutoka Malaba, makontena mtindo mmoja. Nkafumba macho. Iliguna, ikatikisa benchi, nkasubiri kiiiii kwenye kona hata kama nilijua. Mzee akanigusa goti, akasema ya Mbale bado mwanangu. Tukakaa mpaka behewa la mwisho likapotea upande wa Nagongera.