Seti ya Fleer 1986: kadi 132 na kila mtu ana mfuko wake

Nikimwambia mtu nakusanya kadi za zamani za kikapu, zile zenye picha za wachezaji, swali la kwanza ni lile lile, unayo ya Jordan? Sina, na sio ndo kitu ninachokitafuta. Mi nakusanya seti, yaani kadi zote za toleo moja kuanzia namba ya kwanza mpaka ya mwisho, na seti ni mambo mengine kabisa. Ngoja leo niandike maana hapa Dar watu wa kikapu tupo wengi, pita jioni Don Bosco Upanga au pale viwanja vya Kidongo Chekundu utawaona, lakini wa kadi tunahesabika.

Yenyewe ni ya Fleer, kampuni ya kadi ya Marekani, msimu wa 1986-87. Kadi 132, zimepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, namba 1 Kareem Abdul-Jabbar, namba 132 orodha ya kadi zote. Fremu zake nyekundu, nyeupe na bluu, unaitambua hata ikiwa mezani kwa mbali. Ilikuwa inauzwa kwenye pakti pamoja na bigijii na stika moja, na hizo stika zipo 11, ni seti yake pembeni. Sasa kilichoipa jina ni hivi, kampuni ya Topps waliacha kutoa kadi za NBA baada ya msimu wa 1981-82, hapo katikati kulikuwa na kampuni ya Star lakini za kwao zilikuwa zinauzwa zimefungwa timu kwa timu, sio zile pakti unazofungua hujui ndani kuna nani, kwa hiyo Fleer wanaingia wanakuta kizazi kizima kinawasubiri. Barkley, Ewing, Olajuwon, Karl Malone, Isiah Thomas, Dominique Wilkins, Jordan, wote kwa mpigo mmoja.

Hao ndo kila mtu anawajua. Lakini ukurasa ninaoupenda kwenye faili langu ni wa pili, namba 10 mpaka 18 (kurasa za plastiki zina mifuko tisa tisa). Mstari wa juu, mwisho kulia, yupo Manute Bol, namba 12. Mdinka wa Sudan, upande ambao leo ni Sudan Kusini, futi 7 na inchi 7, na msimu wake wa kwanza kabisa akiwa Washington Bullets akaongoza ligi nzima kwa bloki, wastani wa 5 kwa mechi, wakati pointi zake ni 3.7 tu! Yaani mtu anazuia mipira mingi kuliko vikapu anavyofunga. Anayemfuata, mfuko wa kwanza wa mstari wa kati, ni Sam Bowie, namba 13.

Bowie wanamcheka dunia nzima. Kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mwaka 1984 Houston walianza wakamchukua Olajuwon, Portland wakiwa wa pili wakamchukua Bowie, Chicago wa tatu wakabaki na Jordan. Tangu hapo jina lake limekuwa mfano wa kuchagua vibaya, wakati jamaa miguu ndo ilimwangusha, alivunjika na kuvunjika tena. Mi siwezi kumcheka aisee. Sisi hapa Dar tuna Hasheem Thabeet, mtoto wa hapa hapa, 2009 Memphis wakamchukua wa pili, kabla ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba, na maneno aliyosemwa kijana yule tuliyasikia wote. Kuwa namba mbili kwenye drafti ya NBA ukitokea Dar es Salaam ni jambo kubwa sana na nitalisema hivyo siku zote. Kwa hiyo Bowie kwenye faili langu anakaa na mfuko wake, ukubwa ule ule wa mfuko wa Jordan, bila yeye seti haijakamilika. Hii ndo sababu nakusanya seti na sio mastaa.

Kukamilisha nako kuna hesabu yake. Tuseme kila kadi ina nafasi sawa ya kutoka na wewe unaokota moja moja bila kuchagua, nusu ya kwanza ya seti, kadi 66, utaipata ukishaokota kama 91 hivi. Rahisi, unajiona mjanja. Lakini kumaliza zote 132 unahitaji kwa wastani kadi kama 721, na ile ya mwisho peke yake inakula wastani wa 132. Ndo maana watoto wa Marekani walikuwa wanabadilishana shuleni, bila kubadilishana humalizi, na sisi wa leo tunanunua moja moja mtandaoni kwa namba.

Kuna kampuni zililijua hilo zikalitumia vibaya. Goudey, watu wa bigijii wa Boston, mwaka 1933 walitoa seti ya besiboli ya namba 240 lakini namba 106 hawakuichapisha kabisa! Watoto wananunua, wanatafuna, wanatafuta, haipo. Walioandika barua kulalamika wakatumiwa 1934, ni Nap Lajoie, mchezaji aliyekuwa ameshastaafu zamani, na leo ni moja ya kadi za gharama kubwa kwenye hobi nzima. Nikisoma habari hiyo nakasirika kwa niaba ya wale watoto, kweli kabisa, maana anayekusanya seti anaamini kwamba namba ikiandikwa basi kadi ipo.

Kuzitunza Dar ndo kazi. Hewa yetu ina unyevu, ukiacha kadi wazi kipindi cha masika inaanza kujikunja kama jani, na fremu za Fleer hii rangi inabanduka kwenye kona, pakibanduka panaonekana peupe hapo hapo. Mi faili nalisimamisha, silazi, liko ndani ya boksi lenye mfuniko unaobana, na humo naweka vile vipakti vidogo vya chembechembe vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Maduka ya viatu Kariakoo wanavitupa, ukiomba wanakupa bure, ila vibadilishe maana vikishanyonya maji ni mzigo tu. Plastiki nazo angalia isiwe PVC, ile laini inayonuka kama pazia la bafuni jipya, baada ya muda inaharibu kadi. Kuzileta ni kwa ndugu anayetoka Marekani na begi lake, wauzaji wengi hawatumi huku, na aliyewahi kunitumia aliweka kadi kwenye bahasha tupu bila kadibodi, ikafika na mkunjo katikati.

Kadi iliyonifurahisha mwaka huu ni namba 132, ile orodha. Wakusanyaji wanaitaka safi isiyoandikwa, nayo sio rahisi maana ilitengenezwa iandikwe. Yangu ina tiki za kalamu ya bluu, kuna mtoto alikuwa anaweka tiki kila akipata, kafika mbali, namba 12 anayo, 13 anayo, 57 hana. Muuzaji alipunguza bei kwa sababu ya zile tiki na mimi ningelipa zaidi kwa ajili yake.

57 ndo Jordan. Safi kabisa yenye gredi ya PSA 10 (PSA ni kampuni inayopima hali ya kadi, 10 ndo ya juu kabisa) iliuzwa dola 738,000 Januari 2021, na feki zake ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo nimeamua siweki kopi, mfuko unabaki wazi mpaka nipate ya kweli hata ikiwa imechoka kona zote nne. Nadunduliza. Kabla ya hapo zimebaki kadi chache za watu wasiotajwa sana, ndo nazifukuzia sasa hivi, na dabo ninazo, Tom Chambers ninaye mara mbili na Otis Birdsong pia, kwa hiyo kama una Fleer 86 popote pale Dar au mzee wako alirudi nazo kutoka masomoni Marekani miaka ile zikabaki kwenye sanduku, usizitupe, tubadilishane.