Unataka kusomea unesi na kazi huwezi kuacha? Anza na ratiba ya wodini

Watu wengi wakianza kutafuta chuo cha unesi swali la kwanza ni ada kiasi gani, naelewa, manake mfuko ndo unaoamua. Lakini kama umeajiriwa kutwa nzima mimi naona uanze na hili: mafunzo ya vitendo yanafanyika saa ngapi na hospitali gani?

Nadharia utaibana tu. Utasoma usiku, vipindi utavifuata kwenye intaneti, wikiendi utaingia darasani. Wodini ndo kwenye kazi, kuchoma sindano au kusafisha kidonda hakujifunzwi kwa kuangalia simu. Kila nchi ina kiwango chake, ila chukua Umoja wa Ulaya, sheria yao inataka nesi wa kawaida asome masaa yasiyopungua 4,600 ndani ya miaka isiyopungua 3, na angalau nusu iwe vitendo. Nusu ni masaa 2,300, yaani ukiwa wodini masaa 40 kwa wiki ni wiki 57 na kitu, mwaka mzima na zaidi! Sasa chuo cha ada ndogo ambacho vitendo vyote ni Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi kinakula mshahara wako, na kile cha ada kubwa kidogo kinachokubali uingie shifti za usiku na wikiendi unakuta ndo nafuu.

Alafu usajili. Chuo kuwa na leseni ya biashara sio sawa na kozi kutambuliwa na baraza la wauguzi, yaani chombo kinachosajili manesi na kuwapa leseni, na kozi isipotambulika mtihani wa leseni hufanyi. Ulizia baraza lenyewe, usitosheke na tangazo la chuo. Hili linaniuma sana kwasababu wanaoumia ni walewale waliojinyima miaka wakaweka akiba.

Kwenye bajeti ongeza sare, viatu, stethoskopu, saa yenye mshale wa sekunde, chanjo ya homa ya ini B, nauli, ada za mitihani. Omba mchanganuo wote kwa maandishi kabla hujalipa hata fomu.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuingia hospitali kwanza kwa kazi yoyote, mapokezi, usafi, msaidizi wa wauguzi, kwasababu zipo hospitali zinazosomesha watu wao na ratiba ya shifti huko inapangika kirahisi kuliko ofisi ya kawaida. Na hili la kusoma huku unatunzwa sio jipya, Florence Nightingale, nesi maarufu wa Uingereza, alipoanzisha shule yake ya unesi London mwaka 1860 wanafunzi walikuwa wanapata malazi, chakula na posho kidogo. Pia sio lazima uanze na digrii, panda ngazi kwa ngazi, ukishapata cheti na leseni ya ngazi hiyo unafanya kazi ya unesi yenyewe huku unajiendeleza.

Ila ukisomeshwa na mwajiri kuna mkataba wa kumtumikia muda fulani ukimaliza, usome wote. Ukifeli somo nani analipa marudio? Ukihama kabla ya muda unarudisha pesa zote za masomo au za muda uliobaki tu? Na yale masaa ya vitendo yanahesabika kama kazi na unalipwa, au yanakatwa kwenye likizo yako? Hili la mwisho wengi hawaulizi kabisa, liulize kabla hujasaini.