Uzi Mweupe Ndani ya Glasi

Nyanya zangu za kwanza zilikuwa zimeanza kutoa maua nilipokuta mche mmoja umelegea, katikati ya mstari wa tatu. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi. Nikasema ni kiu, nikaumwagilia. Jioni ukasimama, nami nikalala nimeridhika. Kesho yake ilinyauka minne, yote jirani na ule wa kwanza, majani yakiwa bado ya kijani kabisa. Ukijani ule ulinidanganya, maana niliamini mmea mgonjwa lazima uwe wa njano kwanza.

Nikaongeza maji. Nilimwagilia kwa mifereji, maji yakiingilia upande wa juu na kuteremka mstari hadi mstari. Nikanunua dawa ya ukungu, nikapiga mara mbili katika wiki moja bila kumuuliza mtu. Siku ya kumi upande wote wa chini ulikuwa umelala, na hata jioni haukuinuka tena.

Ndipo nikamwita mzee aliyelima shamba la jirani. Majani hakuyaangalia. Aling'oa mche mmoja, akakata shina karibu na mizizi, akanionyesha weusiweusi wa kahawia ndani yake, kisha akaomba glasi ya maji safi. Akakishika kipande cha shina wima, ncha iliyokatwa imezama kidogo, mkono umetulia. Tukangoja. Hazikupita dakika nyingi, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, hadi chini ya glasi.

"Mnyauko wa bakteria huo," akasema. "Mwanangu, kabla yako hapa palilimwa nini?"

Sikujua. Wakati wa kukodi niliuliza juu ya maji, rangi ya udongo na njia ya kupitisha mazao. Swali hilo halikunijia kabisa. Mwenye shamba nilipomuuliza alijibu bila kuficha: viazi mviringo, na kabla ya viazi, biringanya. Wote ukoo mmoja na nyanya, na pilipili pia. Bakteria huyo huwashambulia wote, na anaweza kukaa udongoni miaka akisubiri. Dawa ya ukungu haimgusi. Maji yangu, yale niliyoyaongeza kwa huruma, ndiyo yaliyombeba kutoka mche hadi mche.

Kati ya miche 800 tuling'oa zaidi ya 600. Nilitaka kuitupa kwenye lundo la mboji, mzee akanizuia kwa sauti kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tukaikusanya mahali pamoja, ikakauka, tukaichoma.

Jioni alipokuwa akiondoka alisimama mpakani. Akavua viatu, akachukua kijiti, akakwangua udongo wa shamba langu kwenye soli, kiatu kimoja baada ya kingine. Panga nalo akaliosha. Kisha akavuka kwenda kwenye nyanya zake.