Kumbukumbu ya mradi: maneno yaliyopotea katika kurasa za 1979

Mradi wenyewe ni huu: kuchukua faili za juzuu ya pili ya mwongozo wa Unix, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uliozaliwa Bell Labs, toleo la saba, la mwaka 1979, kama zilivyoandikwa kwa troff, programu ya kupanga chapa inayofuata amri zilizoandikwa ndani ya maandishi, na kuzitoa upya kwa PDF kwa kutumia groff, mrithi wa troff wa leo. Nimejiwekea sharti moja. Faili asilia hazibadilishwi hata nukta. Kinachohitaji kurekebishwa kitarekebishwa nje yake, ili yeyote atakayekuja baadaye aone kipi ni cha mwandishi na kipi ni changu.

Skani za juzuu hiyo zipo, na zinasomeka. Lakini skani ni picha ya karatasi. Kwenye faili unamwona mwandishi akiwa kazini: mahali alipolazimisha ukurasa mpya, jedwali alilolipanga kwa mkono. Katika baadhi ya faili, mbele ya jina la mwandishi, kuna hata namba ya chumba chake na ya simu yake ya ndani, vitu ambavyo havikukusudiwa kabisa kufika kwenye ukurasa wa msomaji. Ruhusa pia ipo, kwani Januari 2002 kampuni ya Caldera iliziachia Unix hizi za kale kwa leseni huria.

Wiki ya 1

Niliweka groff 1.23.0, iliyotolewa 2023, nikaanza na makala ya Brian Kernighan na Lorinda Cherry kuhusu kupanga hesabu, ile inayoieleza eqn:

`groff -e -t -ms -Tpdf faili > toleo.pdf`

Herufi `-e` inaita eqn ishughulikie fomula, `-t` inaita tbl ishughulikie majedwali, na `-ms` inapakia toleo la groff la makro, yaani amri zilizotungwa kwa kuunganisha amri nyingine, ambazo Mike Lesk alizitunga kwanza kwa ajili ya makala za Bell Labs. PDF ilitoka kwa jaribio la kwanza. Sehemu zimekaa juu na chini ya mistari yake, mizizi imefunika inachotakiwa kufunika, alama za jumla zina mipaka yake. Nilikaa nikaiangalia muda mrefu. Faili iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ambayo haipo tena ilikuwa imesomwa na programu iliyoandikwa upya kabisa na mtu mwingine.

Na ile mashine inafaa kuelezwa, maana matatizo yote yaliyofuata yanaanzia kwake. Joe Ossanna aliiandika troff kwa lugha ya asembli ya kompyuta ya PDP-11, ikiwa na kazi moja: kuiendesha C/A/T ya Graphic Systems, mashine iliyopanga chapa kwa kumulika herufi kwenye karatasi ya picha. C/A/T ilibeba fonti nne kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na herufi na alama 102. Saizi zilikuwa 15 tu, kuanzia pointi 6 hadi 36, na baina ya 28 na 36 hapakuwa na kitu. Ossanna alifariki 1977. Kernighan ndiye aliyeifanyia kazi troff baada yake hadi ikaweza kuhudumia mashine yoyote, na James Clark akaja kuandika groff kwa C++ kuanzia mwanzo, toleo la kwanza likatoka 1990. Kwa hiyo kati ya faili zangu na PDF yangu kuna mikono mitatu, na kila mmoja alikuwa na sababu zake za kubadilisha mambo.

Wiki ya 2

Nilitaka uhakika kwamba hakuna kilichopotea. Nikabuni kipimo kilichonipendeza: programu ya deroff iondoe amri zote za troff kwenye faili asilia na kuniachia maneno matupu, kisha niyalinganishe na maneno ya toleo la groff la maandishi tupu. Nikakimbiza faili tisa. Tofauti zilizotokea zilikuwa za maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari tu. Nikaandika kwenye daftari kwamba faili tisa ziko salama.

Hazikuwa salama. Siku mbili baadaye nilikuwa nasoma moja ya makala hizo kwa raha zangu, si kwa kuikagua, nikakuta sentensi mbili zimeungana. Ya kwanza haikuwa na nukta ya mwisho, na ya pili ilianza na herufi kubwa katikati ya mstari. Nilidhani mwandishi aliteleza. Nikafungua faili, na mahali pale palikuwa na mstari huu peke yake:

`.UX .`

Hii ni makro ya Bell Labs. Kazi yake ni kuandika neno UNIX kwa herufi zilizopunguzwa kidogo, kubandika mbele yake alama uliyoipa, hapa nukta, na mara ya kwanza katika makala kuongeza tanbihi inayosema UNIX ni alama ya biashara ya Bell Laboratories. Makro za ms zilizomo ndani ya groff hazina UX. Waliozitunga waliiacha kwa makusudi, pamoja na nyingine zilizohusu shughuli za ndani za Bell Labs, na mwongozo wa groff unalisema hilo waziwazi. Ila groff ikikutana na makro isiyoijua huupita mstari mzima kimya. Onyo lipo, lakini halitoki mpaka uliombe kwa `-w mac`.

Kilichoniumiza ni pale nilipoelewa kwa nini sikuona mapema. Sehemu nyingi mwandishi ameandika `the`, kisha `.UX`, kisha `operating system`. Toa UX, na Kiingereza kinachobaki hakina kasoro: mfumo wa uendeshaji, basi. Msomaji anapita bila kushtuka. Mwongozo wa Unix ulikuwa umepoteza jina la Unix, na kila ukurasa ulionekana mzuri. Kama si ile nukta, ningezitoa PDF hivyohivyo.

Kipimo changu nacho kisingeweza kuliona hata kwa bahati. Neno UNIX halimo kwenye faili kama neno, linazaliwa na makro. Deroff iliiondoa `.UX` kwa kuwa ni amri, groff ikaiondoa kwa kuwa haiijui, na pande zote mbili zikakubaliana kwa usahihi kamili juu ya maandishi yenye mapengo.

Nimekibadilisha. Sasa nakusanya kila jina linaloanza na nukta mwanzoni mwa mstari katika faili zote, nahesabu limetokea mara ngapi, na kila jina lazima lionekane katika mojawapo ya orodha tatu: amri za troff yenyewe, makro za ms za groff, au makro zilizofafanuliwa ndani ya faili ileile. Lisiloonekana popote nalifuata kwa mkono. Siku hiyohiyo zilijitokeza `.MH` na `.HO`, ambazo huandika anwani za Murray Hill na Holmdel chini ya jina la mwandishi. Waandishi wangu wote walikuwa wamekosa mahali pao pa kazi.

Dawa ni faili ndogo inayopakiwa baada ya ms na kabla ya makala:

`.de UX`
`\s-1UNIX\s0\\$1`
`..`

Hiyo ni kwa ufupi. Yangu inaongeza rejista, yaani namba inayohifadhiwa, inayokumbuka kama tanbihi imeshatolewa.

Wiki ya 3

Orodha ileile ilinionyesha majina ya ajabu: `sp2`, `ti5`, `ift`. Si makro. Katika troff ya zamani jina la amri lilikuwa na herufi mbili, basi. Kinachofuata kilihesabiwa kuwa thamani hata bila nafasi. Kwa hiyo `.sp2` ilimaanisha ruka mistari miwili. Groff inaruhusu majina marefu, ambalo ni jambo jema kwa anayeandika leo, lakini inaisoma `.sp2` kama makro iitwayo sp2, haiipati, na inaipita. `.ift` ni mbaya zaidi: ni sharti linalosema "kama ni troff, fanya hivi", na mstari wote uliofuata sharti hilo unatoweka nalo.

Groff ina hali ya upatanifu, `-C`, kwa ajili ya jambo hilihili. Nikaiongeza kwenye amri. Makro za ms zikagoma papo hapo: zikaandika kwamba hazifanyi kazi katika hali hiyo na kusimamisha kazi yote. Ndivyo zilivyoandikwa, kwa kuwa zenyewe zimejaa majina marefu. Napendelea kugoma kwa namna hii mara mia kuliko kule kupita kimya kwa `.UX`.

Njia moja ilikuwa kuacha ms ya groff na kuchukua makro zenyewe za toleo la saba, kisha kuziendesha chini ya `-C`. Nilijaribu jioni moja, nikaona nitahamisha matatizo kutoka kwenye makala hadi kwenye makro. Badala yake nimeandika chujio la sed, programu inayobadilisha maandishi mstari kwa mstari, linalokaa kati ya faili na groff. Lina orodha ya amri kumi na tano ninazozijua, na zikifuatwa na tarakimu au alama ya kujumlisha na kutoa bila nafasi, linatia nafasi. `.if` ina kanuni yake peke yake, kwa sababu kinachoifuata ni herufi: n, t, o au e. Nimekataa kuandika kanuni ya jumla ya "herufi mbili zozote". Waandishi hawa walijitungia makro zao wenyewe, na chujio pana lingezikata vipande.

Wiki ya 4

Vipimo. Hapa ndipo nilipofurahi kuliko mahali pengine pote.

Katika makala moja alama mbili zilizotakiwa kukaa kando kando zilikuwa zimepandana, doa jeusi. Faili ilisema `\h'36u'`, yaani sogea kulia vipimo 36. Vipimo gani? `u` ni kipimo cha msingi cha mashine yenyewe, na C/A/T ilihesabu 432 kwa inchi moja. Kwa hiyo 36 ni sehemu moja ya kumi na mbili ya inchi, pointi 6, nafasi inayoonekana vizuri. PDF ya groff inahesabu 72,000 kwa inchi. Vipimo 36 vya aina hiyo ni nusu ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Alama ilisogea kweli, ila hakuna jicho litakaloona.

Tiba yake ni nyepesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu 432 inagawanyika kwa 72, idadi ya pointi katika inchi moja: kila vipimo 6 vya C/A/T ni pointi moja. Chujio linagawa kwa 6 na kubadilisha `u` kuwa `p`. Lakini linafanya hivyo pale tu tarakimu zinapogusana na `u`. Mwandishi akiandika `\w'neno'u` anaiomba programu ipime upana wa neno, na jibu linakuja tayari katika vipimo vya mashine ya leo. Kuligawa ni kuliharibu. Nililiharibu mara moja, kwenye kichwa kizima cha makala, ndipo nikaweka mpaka huo.

Kuna mambo nimeamua kuyaacha. Mistari haiishii mahali ilipoishia 1979, na haitaishia. Upana wa herufi za Times tulizonazo si ule wa C/A/T, na groff hukata maneno kwa ruwaza zilizotoka TeX, mfumo mwingine wa kupanga chapa, si kwa mbinu ya viambishi tamati ya Ossanna. Nafasi ndani ya fomula pia ni tofauti, kwani eqn ya groff inafuata mkondo wa TeX. Sioni dhambi hapo. Alama za kunukuu zilinisumbua zaidi: ndani ya mifano ya amri, alama iliyonyooka inatoka imepinda, na anayenakili mfano kutoka PDF atapata herufi isiyofanya kazi. Nilikaribia kuinyoosha. Kisha nikasoma mwongozo wa troff wenyewe, na C/A/T nayo iliipinda. Imebaki ilivyo.

Wiki ya 5

Orodha ya majina ni kipimo kizuri, lakini imetungwa na mimi, na wiki ya pili imenifundisha kutoviamini vipimo vyangu vikiwa peke yake. Nilihitaji shahidi wa wakati ule. Kwa hiyo nimeweka SIMH, programu inayoigiza kompyuta za zamani, nikawasha PDP-11 ndani yake, nikapakia Unix toleo la saba. Pale ndani kuna nroff asilia, ndugu ya troff anayetoa maandishi matupu, pamoja na makro za ms za wakati huo. Inaisoma makala ileile, faili ileile. Inaifahamu `.UX`, inaifahamu `.MH`, inaisoma `.sp2` bila kuuliza.

Nachukua matokeo yake, nayaweka neno moja kwa kila mstari, na kuyalinganisha na ya groff iliyopitia chujio langu ikitoa maandishi matupu, ili zote mbili zifuate upande wa `n`, yaani wa nroff, katika kila sharti. Mistari ya `t` haionekani kwa njia hii, na hiyo naendelea kuikagua kwa macho dhidi ya skani.

Jana usiku makala ya Kernighan na Cherry imemaliza safari hiyo. Fomula nimeziweka kando, kwa kuwa programu hizi mbili huzichora kwa namna tofauti kwenye maandishi matupu. Katika maneno mengine yote, tofauti iliyobaki ni tarehe chini ya ukurasa.

Leo naanza na ya tbl.