Atomu mbili ngeni ndani ya gesi baridi: zinavutana vipi?

Kuna kitu kwenye fizikia ya gesi baridi kinanivutia kuliko vyote. Chukua kondenseti ya bosoni (bosoni ni chembe zinazokubali kukaa pamoja kwenye hali moja), yani gesi ya atomu iliyopoozwa mpaka karibu kabisa na nyuzi hasi 273, kama ile ya rubidiamu waliyoipata wanafizikia Cornell na Wieman kule Boulder, Marekani, mwaka 1995, halafu ingiza humo atomu mbili za aina nyingine. Hizo mbili zitavutana hata kama zenyewe kwa zenyewe hazina habari!

Inakuwaje? Tuseme atomu ngeni inazisukuma bosoni, basi pale ilipo gesi inapungua kidogo. Ya pili nayo haizitaki bosoni, sasa itakimbilia wapi kama sio pale palipopungua, kwa mwenzake? Haya geuza, tuseme zote zinazivuta bosoni, ya kwanza inajikusanyia kirundo na ya pili inakifuata kirundo hichohicho, zimevutana tena. Moja ikivuta na nyingine ikisukuma hapo ndo zinakimbiana. Kwenye hesabu ni zile nguvu mbili zinazidishana tu, hasi kwa hasi inatoa chanya, na mvuto wenyewe unafifia haraka kadiri umbali unavyoongezeka.

Ila hiyo ni hesabu ya nguvu ndogo. Ukizipandisha kwa kurekebisha uga wa sumaku, kila atomu ngeni inajivika msukosuko wa gesi inayoizunguka, inakuwa polaroni, kitu kilichoonekana kwenye kondenseti mwaka 2016 huko Boulder na Aarhus, Denmark. Polaroni moja ina ujanja wake wa hesabu, ule wa wanafizikia Lee, Low na Pines wa 1953, unahamia upande wa atomu ngeni na mahali ilipo panatoka kabisa kwenye milinganyo. Zikiwa mbili ujanja unaondoa mwendo wao wa pamoja tu, umbali kati yao unabaki, na kazi yote ngumu ya modeli iko kwenye huo umbali.

Na gesi ikiwa ya fermioni, yani chembe zisizokubali kukaa mbili kwenye hali moja, mambo yanabadilika tena. Watafiti wa Innsbruck, Austria, waliweka atomu ngeni za potasiamu ndani ya gesi ya fermioni za lithiamu, matokeo yakatoka 2024: potasiamu 41 ambayo ni bosoni zikavutana, potasiamu 40 ambayo ni fermioni zikasukumana, na tofauti ya hizo atomu ni nyutroni moja tu.