Kura ya kwanza ya Mama Uvira

Jengo letu ni la mawe mekundu, la zamani, ngazi moja kwa wote, kama yalivyo majengo mengi ya Govanhill, kusini mwa Glasgow. Chini wanakaa watu wa jamii ya Roma kutoka Romania, mkabala nao mzee wa Kipakistani na mkewe. Mimi na mume wangu, watu wa Tanga, tuko ghorofa ya pili. Juu yetu anakaa mama mmoja wa Uvira, Kongo, na mumewe na binti yao. Ngazi nzima tunamwita Mama Uvira. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba bila kusita, maana zaidi ya miaka ishirini ya maisha yake aliishi kwetu. Vita vilipofika Uvira mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, akapelekwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Binti alizaliwa humohumo kambini, mwaka 2004. Mume alitangulia kuja Uingereza, akapewa hifadhi, ndipo wao wakamfuata.

Aprili ya 2021 vizuizi vya korona vilikuwa ndiyo kwanza vinalegezwa. Jioni moja kengele ikalia, wakapanda vijana wawili wapiga debe wa chama kimoja, barakoa usoni. Walibonyeza kengele yangu kisha wakarudi nyuma ngazi tatu. Mmoja alishika ubao wenye karatasi. Akaniita kwa jina langu kamili, lile la kwenye pasi. Akaniachia kipeperushi cha mgombea wao, akauliza nitampa nani kura, nikamjibu bado natafakari. Walipogeuka kushuka nikawaambia, "Juu kuna familia. Watu wazima wawili na binti mkubwa." Kijana akapitisha kidole kwenye orodha yake. "Huko juu sina mtu," akasema. Wakashuka.

Neno lile lilinichoma mpaka nikashindwa kula. Watu watatu wanaishi juu ya kichwa changu, nasikia nyayo zao kila alfajiri, na mtu ananiambia hayupo yeyote. Kwetu nimezoea mgombea anayepita na gari la spika. Hajui nani kajiandikisha na nani bado. Wote tunaitwa uwanjani, wote tunagawiwa fulana na kanga. Hapa kampeni ni orodha. Vyama vinapewa daftari la wapiga kura, na hilo daftari ndilo linaloamua ngazi ipi ipandwe na mlango upi ugongwe. Usipoandikwa hupigiwi hodi, na shida zako hazimfikii mgombea hata kwa bahati mbaya.

Nikapanda juu usiku uleule. Mama Uvira alikuwa anamenya ndizi. Nikamuuliza kwa nini hawajajiandikisha. Akaniangalia kama niliyemuuliza kwa nini hajawa mfalme. "Sisi ni wakimbizi, dada. Kura ni ya wenye nchi."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo, na kila ninapoieleza naona uchungu. Mimi na yeye tunatoka nchi mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya ziwa moja. Tunazungumza lugha moja, tunalipa kodi ileile ya halmashauri. Lakini Mtanzania, kama Mkenya, Mganda na Mnyarwanda, ni raia wa Jumuiya ya Madola, na akiwa na kibali cha kuishi Uingereza ana haki ya kupiga kura tangu mwanzo, iwe ya bunge la London au ya bunge la Uskoti lililoko Edinburgh. Mkongo na Mrundi hawamo. Kwao mlango ulifunguliwa kwa chaguzi za Uskoti zenyewe, mwaka 2020, bunge la Edinburgh lilipopitisha sheria kwamba mgeni yeyote mwenye kibali halali cha kuishi, mkimbizi akiwemo, apige kura ya bunge hilo na ya halmashauri. Sheria ya aina hiyo hupita tu ikiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na iliungwa mkono. Uchaguzi wa 2021 ndio uliokuwa wa kwanza wa bunge chini ya sheria hiyo. Anayesubiri jibu la ombi lake la hifadhi bado yuko nje, na kura ya London Mama Uvira hana mpaka awe raia.

Mimi niliyekuwa na haki hiyo nilikaa nayo bila kuijua. Nilifika Glasgow mwaka 2012. Tarehe 18 Septemba 2014 Uskoti ilipiga kura ya maoni kuamua kama iwe nchi huru. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya asilimia 84. Nilirudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, nikapita mbele ya shule iliyojaa watu kwenye foleni, nikaenda kulala. Hakuna aliyeniambia kwamba na mimi nahusika, na mimi sikuuliza. Hilo nalijutia hadi leo, na ndiyo maana sikukubali Mama Uvira aniambie kura ni ya wenye nchi.

Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa tarehe 19 Aprili. Tulifanya kwa simu ya binti, mezani, mbele ya sahani za ndizi na samaki. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya bima ya taifa. Dakika tano. Binti naye alijiandikisha, maana kwa bunge la Uskoti anayefikisha miaka 16 anapiga kura. Yeye aliona ni jambo la kawaida, shuleni wameshafundishwa. Mama alimwambia baba mtu, "Basi tunaanza siku moja, mimi na mtoto."

Jimbo letu lilikuwa Glasgow Southside, na mwaka ule macho ya watu wengi yalikuwa hapo. Nicola Sturgeon wa SNP, chama kinachotaka Uskoti ijitawale, alikuwa Waziri Kiongozi tangu 2014, na hili ndilo jimbo lake. Aliyejitokeza kupambana naye ni Anas Sarwar, aliyekuwa ndiyo kwanza ana miezi miwili kwenye uongozi wa Labour ya Uskoti. Viongozi wawili wa vyama, jimbo moja. Wenyeji walikumbushana historia: mwaka 1997 Sturgeon aligombea ubunge wa London hapahapa, wakati huo likiitwa Govan, akashindwa na Mohammad Sarwar, baba yake Anas, aliyekuwa Mwislamu wa kwanza kuingia bunge la Uingereza. Mzee wa Kipakistani wa chini alimpigia baba mwaka ule, na sasa alikuwa ameshaamua kumpigia mtoto. Mkewe alikuwa wa Sturgeon. Kila mmoja alibandika karatasi yake dirishani, la sebuleni la mume na la jikoni la mke, na chai waliendelea kunywa pamoja.

Vipeperushi Mama Uvira alivisoma vyote, binti akimfasiria. Alivipanga kitandani kama mtu anayechagua vitenge. Hakujali sana rangi ya chama. Aliuliza mambo mawili: huyu atafanya nini kuhusu nyumba, na huyu anasemaje juu ya wakimbizi. Nikamweleza kwamba bunge la Edinburgh linashika hospitali, shule, nyumba na polisi, lakini vibali vya wageni viko mikononi mwa London. Akatafakari. "Basi nichague wa kunisemea," akasema.

Kulikuwa na kipeperushi kingine, cha Jayda Fransen, mgombea binafsi aliyewahi kuwa naibu kiongozi wa Britain First, kikundi kinachojulikana kwa kuwapiga vita Waislamu na wahamiaji. Alikuja kugombea jimbo lenye Govanhill na Pollokshields ndani yake, mitaa ambayo ukitembea dakika kumi unapishana na lugha ishirini. Binti hakutaka kukifasiri. Mama akamwambia asome, asifiche neno. Alipomaliza, mama akakikunja mara nne, akakiweka pembeni, hakukitupa.

Tarehe 6 Mei, Alhamisi, vituo vilifunguliwa saa moja asubuhi. Tuliongozana saa tatu, baridi ikiuma utadhani si Mei. Mama Uvira alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani chini ya koti, na kwapani ana mkoba wa plastiki wenye karatasi zote za maisha yake: kadi ya makazi, barua za hifadhi, bili, hata kadi ya chakula ya Nyarugusu ambayo sijui kwa nini bado anayo. Mezani wakamuuliza jina na anwani tu. Kwa uchaguzi wa Uskoti huulizwi kitambulisho. Alibaki ameshika mkoba wazi, anangoja waombe. Yule msimamizi, mwanamke mzee mwenye miwani, akamwambia taratibu kwamba inatosha, ahsante, akampa karatasi mbili: ya zambarau iliyopauka kwa mbunge wa jimbo, na ya rangi ya pichi kwa orodha ya vyama ya mkoa.

Kalamu alikuja nayo mwenyewe, kwa ajili ya korona. Nyumbani alikuwa amefanya mazoezi ya alama ya X nyuma ya bahasha mpaka bahasha ikajaa. Nilikuwa nimeshatumbukiza zangu, nimesimama mlangoni, nikaona mgongo wake kwenye kibanda. Alikaa muda mrefu. Akatoka, akazitumbukiza moja baada ya nyingine, ile ya pili akaigonga kwa kidole kuhakikisha imeshuka. Kisha akaja kwangu, amenyoosha kidole gumba. "Wino iko wapi?"

Hakuna wino, nikamwambia. Hapa hawapaki. Akakiangalia kidole chake, na nikaona kwamba amesikitika kwa kweli. Miaka yote ile watu wa Uvira walimtumia picha za vidole vyeusi, za 2006, 2011, 2018, yeye yuko kambini au yuko Glasgow. Alitaka na yeye awatumie yake. Binti akampiga picha nje, chini ya kibao cha kituo, mama amenyoosha kidole kisicho na kitu.

Siku hiyohiyo Fransen alimfuata Sturgeon nje ya kituo kimojawapo, mbele ya kamera, akimshutumu. Sturgeon alimjibu usoni kwamba yeye ni fashisti na mbaguzi, na kwamba watu wa kusini mwa Glasgow watamkataa. Usiku tuliitazama video hiyo kwenye simu mara tatu.

Ijumaa matokeo ya jimbo letu yakatangazwa. Sturgeon 19,735. Sarwar 10,279. Fransen 46. Mama Uvira aliomba binti arudie ile ya mwisho. Arobaini na sita, jimbo zima. Hapa mgombea anaweka dhamana ya pauni 500, na asiyefikisha asilimia 5 ya kura harudishiwi. Akaenda chumbani, akaleta kile kipeperushi alichokikunja mara nne, akakichana juu ya sinki.

Sarwar aliposhindwa jimbo hakubaki nje ya bunge. Aliingia kwa ile karatasi ya rangi ya pichi. Watanzania wengi huniuliza kama ni viti maalumu, nami huwaambia hapana. Viti 73 ni vya majimbo na 56 ni vya orodha za mikoa, na orodha hugawiwa kwa kufidia: chama kilichovuna majimbo mengi mkoani hupata kidogo au hakipati kabisa. Glasgow SNP ilizoa majimbo yote tisa, kwa hiyo kwenye orodha haikupata hata kiti kimoja. Aliyetangulia kwenye orodha yao alikuwa Roza Salih, Mkurdi aliyekuja Glasgow akiwa mtoto mkimbizi, mmoja wa wanafunzi wa shule ya Drumchapel waliopinga, mwaka 2005, mwenzao kukamatwa alfajiri na watu wa uhamiaji. Ushindi wa chama chake ndio uliomfungia mlango. Binti wa Mama Uvira alilia kwa ajili yake. Mwaka uliofuata Roza Salih alichaguliwa diwani Glasgow, na binti ndiye aliyeniletea habari hizo, akigonga mlango kwa mikono yote miwili.

Wiki moja baada ya kura, Alhamisi tarehe 13 Mei, ilikuwa Idi. Asubuhi gari la uhamiaji liliingia Kenmure Street, Pollokshields, jimbo letu hilihili, likachukua wanaume wawili. Majirani wakatoka na nguo zao za Idi, mtu mmoja akajilaza chini ya gari, wengine wakalizunguka. Walifika mamia. Walikuwa wanaimba kwamba hawa ni majirani zetu, waachieni. Baada ya muda wa kama saa nane hivi za kusubiri, wale wawili waliachiwa. Siku hiyo Sturgeon alisema wazi, akiwa mbunge wa jimbo, kwamba kitendo cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya London hakikubaliki. Mama Uvira alikuwa pale kuanzia mchana, na chupa za maji na maandazi niliyokaanga kwa ajili ya Idi. Jioni alirudi sauti imekauka.

Juni akanipandisha tena juu. Chumba cha binti kilikuwa na kuvu ukutani, weusi wa kuanzia dirishani hadi juu ya kitanda, na wenye nyumba walikuwa wakiahidi kuja tangu Novemba. Alitaka barua kwa mbunge. Binti aliandika kwa Kiingereza kizuri cha shule, akaanza na ukuta, tarehe, na picha. Mama akamwambia afute, aanze upya. Binti akasema, mama, hivi ndivyo barua zinavyoandikwa. Mama akashika ukingo wa meza. "Kwanza mwambie mimi ni nani." Binti akafuta, na mstari wa kwanza ukawa huu: mimi ni mpiga kura wa jimbo lako.